Pangani Si Mbali

Chuoni Dar ukisema kwenu ni Pangani, mtu anakuuliza, "Kwani huko si mbali sana?" Swali hilo nimeshaulizwa hadi na jamaa wa Singida, ambaye safari yake ya kwenda nyumbani inakaribia mara mbili ya yangu. Nilicheka, lakini nikamwelewa. Umbali siyo kilomita peke yake. Umbali ni barabara.

Chukua njia yetu iliyozoeleka. Unatoka Dar, unapita Chalinze, Segera na Muheza, unaingia Tanga mjini. Hapo Pangani umeshaiacha nyuma, upande wa kusini. Basi unashuka, unatafuta gari jingine, unairudia. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 tu, ila miaka nenda miaka rudi zilikuwa kilomita 50 za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Unapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita. Unapita Kigombe ya wavuvi, mkonge na minazi. Halafu mji unaanza, na mbele yako mto. Anayekwenda Bweni, ng'ambo, anasubiri pantoni. Watu wa Tanga wana msemo wao, "Waja leo, waondoka leo." Kwetu kuondoka leo kulitegemea na pantoni liko upande gani.

Sasa, mtu akiiona Pangani leo anadhani imekuwa hivi tangu zamani, kamji kadogo kaliosahaulika. Sivyo. Karne ya 19 hapa palikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, na watumwa pia, tusifiche. Kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa hao. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotaka kuutawala mji, Pangani iliwaka moto, na Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani. Walimnyonga hapahapa Pangani, Desemba 1889. Hata mkonge ulioipa Tanga jina ulianzia kwetu: miche elfu moja ilisafirishwa kutoka Florida, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, mwaka 1893.

Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli. Hawakuianzisha Pangani, waliianzisha Tanga, kwenye bandari yenye kina. Reli ikapanda Muheza, ikafika Korogwe, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mzigo uliokuwa unashuka kwa bonde la mto Pangani ukahamia kwenye mabehewa. Mji haukusogea hata hatua moja, lakini ukawa mbali.

Ndiyo maana naiangalia barabara mpya ya pwani kwa macho mawili. Ni mradi mkubwa: kutoka Tanga, Pangani, Mkwaja, kandokando ya Hifadhi ya Saadani hadi Makurunge, Bagamoyo, jumla kilomita 246. Benki ya Maendeleo ya Afrika imetia mkono, kwa sababu njia hii itaungana na ile ya Tanga hadi Horohoro, iende Mombasa hadi Malindi. Mto wenyewe unajengewa daraja la mita 525. Likikamilika lote, Dar hadi Pangani itakuwa chini ya kilomita 300, badala ya 400 hivi za kuzungukia Segera. Mjamzito wa Mwera anayepelekwa Hospitali ya Bombo, Tanga, hatasubiri pantoni. Kwa hilo peke yake, daraja na lije hata kesho.

Jicho la pili liko kwa mama mdogo wangu. Yeye ana meza yake pale kwenye kivuko: mihogo ya kukaanga, samaki, chai ya tangawizi. Wateja wake ni watu wanaosubiri. Ada yangu ya sekondari, daftari na nauli vilitoka kwenye subira ya watu hao. Likizo iliyopita nilimuuliza, "Mama mdogo, daraja likiisha utafanyaje?"

Akageuza muhogo kwenye karai. "Mwanangu, kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu watapita. Mie nataka kujua watasimama wapi."

Nimesoma maelezo mengi ya mradi huu: upana, madaraja, utalii, biashara na Kenya. Swali bora kuliko yote nimelisikia kwenye meza ya mihogo. Reli ilitufundisha kwamba njia ikikupita pembeni, unaweza kubaki palepale ukawa umepotea. Lami nayo inaweza kukupita katikati ya mji, magari yakaenda mwendo kasi kutoka Bagamoyo hadi Mombasa, na wewe ukabaki na vumbi lake, tena safari hii hata vumbi hakuna.

Wenzangu mnaosoma uhandisi na mipango miji, kituo cha basi chenye kivuli, choo na soko dogo karibu na daraja si mapambo ya kuongezwa pesa ikibaki. Ndicho kitakachoamua kama barabara imefika Pangani au imepita tu. Nafasi ya kukipangia ni sasa, kabla watu hawajazoea kutosimama.

Mama mdogo hasubiri mpango wa mtu. Kikoba chake kimeshaanza kuweka akiba ya kununua jokofu. Anasema dereva wa safari ndefu hataki chai, anataka maji baridi.