Chupa sita za wanzuki

Nyumbani kwetu Mwadui wanzuki haikuwahi kufikisha wiki. Tulikaa nje ya uzio wa mgodi wa almasi, ule ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Mayu aliichachua kwa asali, siku ya tatu akaiuza kwa wanaume waliotoka zamu, na iliyobaki Baba aliimaliza mpaka kwenye mashapo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa hilo, ile sehemu iliyomponyoka Baba.

Mwaka jana, nikisoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula Morogoro, nilikutana na bia kali za Waingereza zinazofungwa chupani zikiwa bado na hamira hai. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope, mjini Dorchester, kilitengeneza moja kikaipa jina la mwandishi Thomas Hardy, ili watu waiweke miaka na miaka. Wenzangu waliuliza kuhusu kemia. Mimi niliwaza: kabati gani hilo ambalo baba wa nyumba hana ufunguo wake?

Baba alitutoka mwezi wa pili. Likizo ya Juni nikamwomba Mayu wanzuki, nikajaza chupa sita za soda. Za plastiki, maana hamira ikila sukari hutoa gesi, na kioo hupasuka. Nikazisukuma chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala Baba.

Ya kwanza tuliifungua baada ya wiki mbili. Tamu, asali imetangulia, gesi inachoma ulimi. Mayu alinusa tu. Miaka yote ya kupika hajawahi kumeza. Pombe yake huijua kwa pua, na kwa kutega sikio kwenye pipa. “Bado mtoto hii,” akasema.

Nilikwisharudi chuoni alipopiga simu: chupa zimekuwa ngumu kama mawe. Nikamwambia alegeze vifuniko, kidogo tu, kisha akaze. Akawa anafanya hivyo kila Jumapili bila kukumbushwa.

Septemba utamu ulikuwa umekwisha. Ilikauka mdomoni kama chai ya rangi iliyolala, ikiwa na harufu ya mkate, nadhani ya hamira iliyokufa pale chini. Chupa moja haikukazwa vizuri, ikaingia hewa, ikawa siki. Tukaitia kwenye kachumbari.

Ya Desemba ndiyo nzuri. Nta, tende, na mwishoni uchachu kama wa ukwaju. Nilimmiminia Mayu kidogo kikombeni, nikijua atanusa. Akanywa. Akanyamaza, akanywa tena.

“Baba yako ameinywa miaka thelathini,” akasema, “na hii hakuionja.”

Akauliza zimebaki ngapi. Mbili, nikamjibu.

“Zirudishe chini.”