Bibi wa Bendera auliza: Itasimama Mkomazi?

Wewe mtoto wa mjini unayeijua Same kwa sababu basi la Arusha husimama pale watu wakachimbe dawa, leo nipe dakika zako mbili nikupeleke kwetu.

Kwetu ni Bendera. Ni Same hiyo hiyo, ila upande wa pili wa milima ya Upare, chini kwenye joto, ambako ukivuka mashamba umeshaanza kusikia habari za tembo wa hifadhi ya Mkomazi. Ndiko alikozaliwa mama, na ndiko aliko bibi.

Desemba 2022 nilikwenda kula Krismasi kwa bibi. Wakati wa kurudi Dar, washikaji wakanipigia simu: panda basi mwanangu, jioni uko maskani. Nikawaambia safari hii napanda treni. Wakacheka wee!

Kwa kuwa nilikuwa na kifurushi cha shangazi, nilianzia Same mjini. Asubuhi nikadandia gari: Kihurio, Ndungu kwenye mpunga wao, Maore, Kisiwani, mpaka Same. Njia nzima mlima uko kushoto. Jioni nikapanda treni, nikakaa dirishani na mahindi yangu ya kuchoma. Makanya, Hedaru, Buiko, mlima bado uko kushoto! Mara jirani yangu wa kiti, mzee mmoja mwenye kofia, akaniambia, "Hapa ni Mkomazi, binti." Nikacheka peke yangu kama chizi. Kutwa nzima nimeuzunguka mlima, kumbe nimerudi jirani na kwa bibi!

Hapo Mkomazi ndipo bibi alipokuwa akipandia treni enzi za ujana wake. Alikuwa akibeba mchele, vitenge vikirudi. Anasema siku ya treni stesheni inakuwa kama ina harusi: wa ndizi, wa mayai ya kuchemsha, wachumba wanaoagana, na wanaokuja tu kuangalia nani kashuka.

Reli hiyo si ya juzi. Mjerumani aliianza Tanga mwaka 1893, akafika Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 anatambaa! Mwaka 1963 kikajengwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, ndipo mtu wa Upare akaweza kuja Dar kwa treni. Halafu, miaka ya 90 mwanzoni, treni ya abiria ikakatika. Nyasi zikaota. Abiria wa kwanza wa Moshi walirudi Desemba 2019, na Oktoba 2020 treni ikafika Arusha. Mimi niliyezaliwa katikati ya ukimya huo nilikuwa naisikia kwenye hadithi tu, kama zimwi.

Asubuhi tukaingia Dar. Na hapa mtu wa Buguruni unisikilize vizuri. Unakumbuka Oktoba 2012, ilipoanza treni ya mjini kutoka Stesheni hadi Ubungo, ile mliyoibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi? Reli ilikuwa ile ile ya zamani, jengo la Stesheni lile lile. Kilichobadilika ni kimoja tu: treni ilianza kusimama mitaani kwenu. Mtu aliyekuwa akining'inia mlangoni mwa daladala akapata njia nyingine ya kwenda kazini.

Sasa tuje kwenye mambo mapya. Mwaka 2024 ikaanza treni ya umeme: Juni hadi Morogoro, Julai hadi Dodoma. Reli pana, mwendo hadi kilomita 160 kwa saa. Stesheni yake ya Dar, iliyopewa jina la Magufuli, imechorwa kwa umbo la Tanzanite. Ukiingia ndani unaona haya na kandambili zako. Nilipanda, sina neno, nilifika Dodoma nywele ziko vile vile nilivyozisuka. Nikampigia picha bibi, nikamtumia kwa simu ya mjomba.

Nikamweleza kwamba kwenye mipango ya serikali ipo na ya huku kwetu, ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Nilitegemea atapiga vigelegele. Akakaa kimya, kisha akauliza: "Itasimama Mkomazi?"

Jamani, nilikosa jibu. Kutoka Dar hadi Morogoro, reli ya kisasa ina stesheni sita tu: Dar, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Ndiyo, treni ya kasi haiwezi kusimama kila penye mwembe. Nakubali. Lakini bibi mwenye debe la mchele hasafiri kwa vioo vya stesheni wala kwa kasi ya treni inayompita. Anasafiri kwa ile inayosimama.

Kwa hiyo wakubwa mnaochora ramani, chora mbio zenu, tunazipenda. Ila iacheni na ile ya kusimama. Reli ya zamani isije ikaota nyasi mara ya pili kwa sababu mpya inang'aa.

Na wewe mshikaji, siku moja acha basi. Kata tiketi, kaa upande wa mlima. Ukifika Mkomazi chungulia dirishani, upande ule ndiko kwa bibi. Mpungie.

Tukutane wiki ijayo.