Maji ya Mtungi Huu Yametoka Wapi?

Umoja, Nairobi.

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, nyanya yako kule Jericho kikohozi kimemwachia, na ndugu zako wadogo kila jioni wanauliza utafunga shule lini. Natumaini huko Machakos unaendelea vizuri na masomo.

Ninakuandikia kwa jambo lililonikaa moyoni tangu likizo. Unakumbuka ile jioni stima zilipopotea, ukanipa kijitabu chako cha maswali ya maarifa ya jumla nikakuuliza tukiangaziwa na tochi ya simu? Mlima mrefu kuliko yote Afrika, alama ya dhahabu katika Kemia, mji mkuu wa Burkina Faso: hukukosa hata swali moja, na mama yako akapiga vigelegele. Kisha nikauonyesha ule mtungi wa lita ishirini pale mlangoni, nikauliza maji haya yametoka wapi. Ukasema, "Kwa mfereji, mjomba."

Sikusema kitu usiku ule, na nimejuta. Mimi ni fundi wa mabomba, nimeshika spana mitaa hii ya Eastlands zaidi ya miaka thelathini, na nilistahili kukueleza pale pale. Acha nikueleze sasa.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, chini ya milima ya Nyandarua. Lilikamilika mwaka 1994 na hubeba mita za ujazo milioni 70 likijaa. Lipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nasi huku Umoja tupo kama mita 1,600. Tofauti hiyo ndiyo inayoyasukuma maji: yanateremka yenyewe hadi mitambo ya Ng'ethu yakasafishwe, yakateremka tena hadi matangi ya Gigiri, kisha yakaingia mabomba ya mitaani. Ndiyo maana nyumba ya orofa ya tano hukauka wakati jirani wa chini anajaza ndoo. Ulisoma kanieneo ya vimiminika katika Fizikia. Basi ipo kwenye ngazi za ploti yetu, akina mama wanaipandisha kwa mabega.

Sasa fungua ramani yako. Bwawa hilo hukusanya maji ya mto Thika na vijito wenzake, na Thika ni mtoto wa Tana. Maji hayo yakiachwa yaende yanakotaka, yangefuata Tana, yapite Garissa, yaingie bahari karibu na Kipini. Lakini sisi tumeyachukua. Tukishafua na kuoga, yale yanayobahatika kufika kwenye mabomba ya majitaka huenda Ruai, kwenye mabwawa mapana ambamo bakteria hula uchafu, nao mwani, kwa nguvu ya jua, huwapa bakteria hao oksijeni. Mengine, na si machache, huporomoka moja kwa moja mtoni na uchafu wake wote. Njia zote mbili hukutana katika Mto Nairobi, unaoingia Athi. Athi ikifika mbele huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki, ikamwaga maji yake kaskazini mwa Malindi.

Tafakari hilo, mwanangu. Mvua iliyonyesha katika bonde la Tana imeingia baharini kwa mlango wa mto mwingine, kwa sababu wewe ulioga Umoja. Kijitabu chako kinauliza mto mrefu kuliko yote Kenya, ukajibu Tana, ukapata alama. Hakikukuuliza nani anaunywa.

Ninachokuomba ni hiki: kila jibu unalolijua kwa moyo, lifuate nyuma hadi linakotoka na mbele hadi linakokwenda. Sikuzuii kukariri. Mtihani wa taifa una wenyewe, na karo ya mama yako haikupatikana kwa urahisi. Lakini jibu ambalo hujawahi kuligusa litakutoka wiki moja baada ya mtihani. Nami naona uchungu kumwona mtoto wetu akijua Ouagadougou na asijue Ndakaini.

Eastlands ni maabara, ingawa watu wa nje huiona kama mabati na msongamano tu. Ule ufa wa ukutani kwa nyanya yako, unaofunguka Februari na kujibana mvua za Aprili, mwenye nyumba huusingizia saruji mbovu. Ni udongo. Huku mashariki tumekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, uliotokana na miamba ya volkeno. Chembe zake zimepangwa kama kurasa za daftari; maji yakiingia kati ya kurasa udongo hufura na kuinua msingi, yakikauka hunywea na kuuacha msingi ukining'inia. Fundi mwenye akili huuchimba wote akautupa, akajaza maramu. Asiye na akili hujenga juu yake, kisha hupaka rangi kila mwaka.

Au chukua githeri. Kwa shangazi yako Mombasa maharagwe huiva mapema, naye aliniambia yangu huchelewa kwa sababu mimi sijui kupika. Nikamjibu kwamba hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100. Hapa kwetu ni karibu 95. Ukiongeza makaa, maji yatakauka upesi, lakini hayatakuwa moto zaidi. Kinachosaidia ni mfuniko mzito unaobana mvuke, na hiyo ndiyo siri yote ya sufuria ya presha. Mkifika maabara ya shule, omba kipimajoto ukapime mwenyewe. Usikubali neno langu bure.

Tena usiogope kuuliza. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba kule Lushoto, mvulana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa haraka ya kuwahi nafasi kwenye friji akaingiza maziwa yangali moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, darasa lilimcheka kwa muda mrefu, lakini alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu kule Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja kuwahutubia. Osborne naye alilishuku, lakini alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa majina yao. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, wengine wakisema halitokei kila mara, na wanalibishania kwa jina la Mpemba. Mimi nilipokuwa na umri wako niliuliza darasani kwa nini mwezi hutufuata tukitembea. Niliambiwa niketi. Niliketi, na sikuuliza tena swali lolote hadi nilipomaliza shule. Usiketi.

Kuna jambo moja ambalo silitaki libaki darasani. Julai huku huwa baridi. Mawingu hufunika jua wiki nzima, na jua lenyewe limehamia kaskazini. Usimwamini anayesema ni kwa kuwa dunia iko mbali na jua, maana kweli Julai ndipo tunapokuwa mbali zaidi nalo, na bado huko Ulaya ni kiangazi. Baridi hiyo huwafanya watu walale na jiko la makaa ndani, madirisha yamefungwa. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hufa usingizini bila kukohoa hata mara moja. Wapo wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakidhani litanyonya gesi. Halinyonyi, gesi hiyo haiyeyuki majini kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Nimeshasaidia kubeba majeneza katika mtaa huu kwa ajili ya jambo hili, na mmoja kati ya waliolala hivyo alikuwa na cheti kizuri cha Kemia. Ukirudi likizo, nataka wewe ndiwe uwaeleze majirani wa ploti, kwa maneno yao wenyewe. Watakusikiliza kuliko mimi.

Nakuachia kazi moja. Babu zetu walihesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na hesabu hiyo imedumu kwa sababu tunaishi jirani na ikweta, ambapo mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Kwa hiyo saa sita jua lingepaswa kuwa utosini. Lakini saa zetu zimepangwa kwa longitudo 45, ipitayo karibu na Mogadishu, nasi tupo kama 37. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, basi jua letu linachelewa zaidi ya nusu saa. Mwezi Machi dakika nyingine chache huongezwa, hasa na mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao hauna kasi moja mwaka mzima.

Tarehe 16 au 17 Machi, siku chache kabla ya ikwinoksi, jua litapita juu kabisa ya hapo Machakos. Simika ujiti ulionyooka uwanjani. Hakikisha umesimama wima kwa kutumia uzi wenye jiwe, kama mafundi wafanyavyo. Anza kupima kivuli tangu saa sita, kila baada ya dakika tano, uandike. Mgiriki Eratosthenes, aliyezaliwa katika nchi tunayoiita leo Libya, alitumia vivuli vya namna hiyo kule Misri kukadiria mzingo wa dunia nzima, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, bila kutoka Afrika.

Mimi nitasimika wangu hapa Umoja, kwenye paa la ploti, karibu na tangi. Niandikie kivuli chako kilipotea saa ngapi, nami nitakuandikia changu, tulinganishe.

Wako akupendaye,
Mjomba.