Unguja na Maskati: Saa Tano za Angani

Baina ya Unguja na Maskati pana masafa ya kilomita zipatazo 3,900 kwa njia ya anga. Ndege isiyotua njiani huyakata kwa muda wa saa tano hivi. Wazee wetu waliyakata masafa yayo hayo kwa jahazi, wiki tatu au nne upepo ukiwa mwema: kaskazi iliwaleta kuanzia Disemba, na hawakuweza kurejea mpaka kusi ianze kuvuma mnamo Aprili. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala pande zote mbili, alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, njiani kutoka Maskati kuja Unguja. Mwili wake ukafikishwa na kuzikwa huku.

Saa za Oman zimetangulia zetu kwa saa moja. Anayeondoka Unguja saa nane mchana hutua saa mbili usiku kwa saa ya huko, ingawa saa yake ya mkononi inamwambia ni saa moja. Aliyefunga naye asifuturu kwa saa ya nyumbani wala kwa adhana ya mji ulio chini yake, bali atazame dirishani: jua likionekana, bado ni mchana kwake, na aliye juu huliona kwa muda mrefu kuliko aliye ardhini.

Lakini swali tunaloletewa mara nyingi katika kamati ya msikiti si hilo. Ni hili: "Katibu, tumsubiri kijana wa Maskati?" Mzazi amefariki alfajiri, simu imefika huko kabla jua halijachomoza, na familia inapiga hesabu ya saa tano. Hesabu hiyo ina kasoro. Saa tano ni za angani tu. Tiketi haijapatikana, ndege ya siku hiyo huenda imekwisha kuondoka, na abiria hutakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla. Sunna ni kuharakisha maziko, nami huona kumngojesha maiti hadi kesho kwa matumaini ya kiti ni kumtaabisha maiti na waliohai pia.

Aliye mbali hakukosa yote. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, anaweza kumsalia maiti asiyekuwapo mbele yake, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Akifika baadaye anaweza kumsalia kaburini.

Kutoka uwanja wa ndege hadi Mji Mkongwe ni kilomita zisizotimia kumi. Wengi wa wageni hawa humwomba dereva apite makaburini kwanza, mizigo ikiwa bado ndani ya gari.