Harage la Nahodha



Kabla hujaendelea, chukua kalamu na karatasi. Jifanye msanifu wa meli katika jeshi la majini la Ufaransa. Mwaka ni 1930. Vita Kuu ya Kwanza imekwisha miaka 12 iliyopita, na ya pili hakuna ajuaye kwamba itakuja. Umeagizwa kuchora manowari moja ndogo ya kutumwa katika makoloni ya mbali, penye joto kali na bandari chache. Uzito wake usizidi tani 2,000. Utaweka nini ndani yake, na utaacha nini?

Zoezi hili niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Cyanzarwe, wilayani Rubavu. Tulikuwa na somo la msamiati wa vyombo vya majini, nami nikaona shida moja. Wanafunzi wangu ni watoto wa milimani. Ziwa Kivu liko chini yetu, upande wa Gisenyi, lakini wengi wao wanajua zaidi viazi, maharage na udongo mweusi wa volkano kuliko wanavyojua mawimbi. Kiswahili wanakisikia sokoni na mpakani, kwa majirani zetu wa Goma, na huko hakuna anayezungumza habari za mkuku au sitaha. Ukimwambia mtoto akariri kwamba omo ni sehemu ya mbele ya chombo na tezi ni sehemu ya nyuma, atakariri leo na kusahau kesho. Ukimwambia ajenge chombo, atayatafuta maneno hayo mwenyewe.

Utauliza: mbona manowari, tena ya Ufaransa? Kwa sababu katika miaka ile meli za kivita zilisanifiwa chini ya sheria zilizo wazi kama kanuni za mchezo. Mwaka 1922, huko Washington, mataifa matano yenye nguvu baharini, Ufaransa ikiwamo, yalikubaliana kupunguza mashindano ya silaha. Manowari kubwa kabisa isizidi tani 35,000. Zile za daraja la pili zisizidi tani 10,000, wala mizinga yake isizidi kipenyo cha milimita 203. Mwaka 1930, huko London, ikaongezwa kwamba meli ndogo isiyozidi tani 2,000 haitahesabiwa katika mgawo wa taifa lolote, mradi mizinga yake isizidi milimita 155, mizinga mikubwa isizidi minne, isibebe makombora ya kurushwa chini ya maji, na mwendo wake usizidi takribani kilomita 37 kwa saa. Sheria ya namna hii ni rafiki wa mwalimu: inamlazimisha mwanafunzi kuchagua.

Nikaleta maharage kutoka nyumbani. Kila kundi lilipewa punje 100, na kila punje ilikuwa na uzito wa tani 20. Niliandika ubaoni: mkuku na mbavu za meli, mizinga, deraya, injini, mafuta, maji na chakula, mabaharia. Neno deraya lilihitaji maelezo. Zamani lilikuwa vazi la chuma la askari; katika meli ni bamba nene la chuma linalozuia risasi na makombora.

Kundi la kwanza, wavulana watupu, liliweka punje 60 kwenye mizinga na 30 kwenye deraya. Punje 10 zikabaki kwa vitu vingine vyote. Nikawauliza meli yao itafikaje vitani bila mafuta. Mmoja akajibu, bila kutabasamu, kwamba adui atakuja mwenyewe. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Lakini nikawaonyesha kosa jingine: mizinga hukaa juu. Chombo kilichobeba uzito mwingi juu na mwepesi chini huenda mrama, na siku ya dhoruba hupinduka kabla adui hajaonekana.

Kundi la pili lilipenda mbio. Nikawaeleza jambo ambalo wahandisi wa Ufaransa walilijua vizuri: ukitaka mwendo uongezeke mara mbili, nguvu ya injini haitoshi kuongezeka mara mbili, huhitaji kuongezeka karibu mara nane, kwa maana maji hukataa kusukumwa. Manowari ya Kifaransa iliyoitwa Le Terrible ilipita kasi ya kilomita 83 kwa saa katika majaribio ya mwaka 1935, jambo la ajabu kwa chombo cha ukubwa wake. Lakini kasi hiyo ilinunuliwa kwa kuacha deraya. Na meli kubwa Dunkerque, ya miaka hiyohiyo, iliwekewa mizinga yake mikuu minane yote upande wa omo, minne katika kila mnara, ili deraya ya kuikinga isihitaji kuenea urefu wote wa chombo. Waliounda meli hizi hawakuwa na maharage, lakini walihesabu kama sisi.

Kundi la tatu ndilo lililopata alama za juu. Waliweka mizinga mitatu tu, injini ya wastani, na punje nyingi kwenye mafuta, maji na vyumba vya mabaharia vyenye hewa, kwa kuwa meli ilikuwa ya nchi za joto. Nilifurahi mno, kwa sababu bila kujua walikuwa wameikaribia meli ya kweli. Mwaka 1931 Ufaransa ilishusha majini manowari za makoloni za aina ya Bougainville. Uzito wao ulikuwa chini kidogo ya tani 2,000. Mizinga mikuu mitatu ya milimita 138. Mwendo wa takribani kilomita 29 kwa saa, ambao vijana wetu wa baiskeli huupita wakiteremka mlima. Na mafuta ya kuwafikisha mbali sana bila kutia nanga. Kila moja ilibeba hata ndege ndogo ya kutua majini. Ulikuwa usanifu wa busara.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, harage la nahodha liko wapi? Ni nani atakayewaambia hawa mabaharia wampige nani?"

Nitakuambia ukweli, msomaji, ingawa unaniaibisha. Nilimjibu kwamba hilo si swali la usanifu. Kengele ilikaribia kulia, nilitaka kumaliza msamiati. Akaketi. Nikawapa kundi la tatu alama zao, nikakusanya maharage yangu, nikaenda nyumbani.

Usiku huo nilisoma zaidi habari za meli zile ili niwasimulie wanafunzi mwisho wake. Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani ikagawanyika. Upande mmoja ilikuwapo serikali ya Marshali Pétain, iliyokaa Vichy. Upande mwingine Jenerali de Gaulle, aliyekataa kusalimu amri. Makoloni nayo yakagawanyika. Tarehe 9 Novemba 1940, karibu na Libreville, nchini Gaboni, manowari mbili zilikutana. Moja iliitwa Savorgnan de Brazza, ikimtii de Gaulle. Nyingine ilikuwa Bougainville yenyewe, ikiitii Vichy. Zilikuwa za aina moja, zilishushwa majini mwaka mmoja, zikapeperusha bendera moja kwa miaka mingi. Kila baharia wa meli hii angeweza kutembea gizani ndani ya meli ile bila kupotea. Savorgnan de Brazza ikaizamisha Bougainville.

Dada yao wa tatu, D'Entrecasteaux, aliangamizwa kwa moto wa Waingereza huko Diego Suarez, kaskazini mwa Bukini, yaani Madagaska, mwezi Mei 1942. Baadaye mwaka huohuo askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walipelekwa kupigana katika kisiwa hicho, wengi wao wakizungumza Kiswahili hiki unachojifunza. Hawakuulizwa na mtu kama ugomvi wa Wazungu wale unawahusu.

Nikaweka kitabu chini. Mizinga ilikuwa mitatu kwa mitatu, deraya kwa deraya. Hakuna mstari wowote katika mchoro uliotofautisha meli ya huku na meli ya kule. Tofauti yote ilikuwa mahali ambapo yule msichana alikuwa ameonyesha kidole: nani anatoa amri, kwa haki gani, na nani anamtii.

Nikakumbuka siku mama yangu aliponionyesha kitambulisho chake cha zamani. Katika miaka ileile ya 1930, wahandisi wa Ufaransa wakichora manowari, utawala wa Wabelgiji hapa Rwanda ulisanifu chombo kingine, chepesi kuliko harage: kitambulisho kilichotaja kama mwenyewe ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Hakikuwa na mzinga wala injini. Aliyekibuni huenda aliona amerahisisha kazi ya ofisi. Wakoloni wakaondoka, karatasi ikabaki, ikapita kutoka mkono wa mtawala mmoja hadi wa mwingine. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja katika karatasi hiyo lilitosha, kwenye kizuizi cha barabarani, kumhukumu mtu afe. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Mama hakusema mengi siku ile. Alinionyesha neno hilo kwa kidole, akairudisha karatasi katika mfuko wake.

Silinganishi mambo yasiyolingana. Mabaharia wa Libreville walikuwa askari wenye silaha pande zote mbili. Waliouawa hapa walikuwa raia, wazee na watoto wachanga. Ninasema tu kwamba swali la yule msichana linafaa kote kuwili, na kwamba mimi, mwalimu na mtoto wa nchi hii, nilikuwa wa kwanza kumwambia anyamaze.

Kipindi kilichofuata nilirudi na maharage yaleyale. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kisha nikamwita ubaoni aongeze safu aliyoona imesahaulika. Akaandika: amri. Tukajadiliana kipindi kizima. Wakaikumbuka methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nikawauliza kama nahodha mmoja asiyeulizwa swali hawezi naye kuupanda mwamba. Mmoja wa wale wavulana wa mizinga akasema nahodha awe mmoja, lakini kila baharia ajue ni amri gani isiyopaswa kutiiwa. Sikuwa nimemfundisha hayo.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Wengi hujifunza ili wafanye biashara ng'ambo ya mpaka, na ni vema. Lakini lugha rasmi ni pia lugha ya kuulizia. Vitambulisho vyetu vya leo havina tena lile neno, kwa sababu watu walikaa wakauliza linafanya kazi gani na kwa faida ya nani. Kesho mtaletewa michoro mingine: bajeti ya wilaya, sheria mpya, programu ya simu itakayokusanya majina yenu. Itakuwa mizuri kwenye karatasi. Hesabuni uzito wake, angalieni kilichoachwa nje, kisha ulizeni usukani utashikwa na nani leo, na unaweza kushikwa na nani baada ya miaka 60.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Una punje 100. Zigawe, uniandikie kwa Kiswahili sanifu, sentensi zisizopungua kumi, ukieleza sababu ya kila fungu. Na harage la nahodha, usilisahau kama nilivyolisahau mimi.