Ngome na Gudi

Bandari hutazamwa na wengi kwa fahari yake, na wachache kwa jasho lake. Katika Helsingør, mji wa Denmark ulio kaskazini ya Copenhagen, fahari ni ngome ya Kronborg. Wageni huijia kwa ajili ya Shakespeare, aliyeiweka tamthilia ya Hamlet mjini humo. Mimi, ambaye kazi yangu ni fasihi, nilivutwa na jina lilo hilo. Lakini mwalimu wangu mkubwa katika mji ule alikuwa shimo.

Tuanze na ngome. Imesimama mahali ambapo mlango wa bahari wa Øresund hupungua hata kufikia kilomita 4 hivi baina ya Denmark na Uswidi. Mfalme Frederik wa Pili aliijenga upya kati ya mwaka 1574 na 1585, na mizinga yake ilikuwa mkono wa forodha. Tangu karne ya 15 hata mwaka 1857 merikebu za mataifa zilisimama hapo kulipa ushuru. Nahodha alitaja mwenyewe thamani ya shehena yake, na mfalme alikuwa na haki ya kuinunua kwa bei iyo hiyo. Aliyepunguza thamani ili apunguze ushuru aliweza kuitoa mali yake kwa bei ya uongo wake. Ni shida kupata sheria nyingine iliyoufanya ukweli kuwa na faida namna hiyo.

Mkataba wa mwaka 1857 uliufuta ushuru, na mji ukaondolewa riziki yake ya kale. Mwaka 1882 kikaanzishwa kiwanda cha kuunda meli karibu na ngome. Riziki ikageuka tabia: mababu walikula kwa kuwasimamisha wapitao, wajukuu walikula kwa kuwaundia wapitao vyombo vya safari. Kazi ya chuma na moto ilidumu karne nzima, hata kiwanda kikafungwa mwaka 1983.

Shimo nililolitaja ni gudi la kiwanda hicho. Makumbusho ya bahari, yaliyofunguliwa mwaka 2013, yamejengwa chini ya ardhi kulizunguka, ili yasiizuie ngome kuonekana. Kusudi lilikuwa kuiheshimu ngome. Lakini gudi nalo limepata heshima, kwa kuwa limeachwa wazi na tupu. Nilisimama chini kabisa, kuta kuukuu zimenizunguka, nikaona jinsi mtu alivyo mdogo mahali palipokaa meli. Hapo nilielewa ukubwa wa kazi kuliko nilivyouelewa ukubwa wa mfalme katika kumbi zake.

Karakana za jirani zimekuwa nyumba ya utamaduni yenye maktaba tangu mwaka 2010. Mpenzi wa vitabu hufurahi kuona hayo, nami nilifurahi. Lakini furaha yangu haikuwa kamili. Kitabu hakimrudishii fundi mshahara wake, wala sifa ya makumbusho hailishi nyumba. Kukumbukwa ni wajibu wetu kwa waliofanya kazi, tusikuite malipo.

Vivuko bado huenda Helsingborg, pwani ya Uswidi, na kurudi, safari ya dakika 20 hivi. Mabaharia hufunga kamba na kuzifungua mbele ya ngome ile ile. Mgeni anayekwenda kuwatafuta wafalme wa Kronborg na awatazame kwanza watu hao wakiwa kazini.