Mawazo Yanapoingia Mwilini

Katika mtaa wa Nkoma, mjini Mbale, mashariki ya Uganda, anaishi mama mmoja wa watoto wanne ambaye kwa muda wa miezi minne hakupata usingizi kamili hata usiku mmoja. Kila ilipotimu saa nane za usiku alizinduka, moyo ukimdunda kama mtu aliyefukuzwa, akaketi kitandani akitega sikio asikie kama mvua inanyesha. Kulipokucha kichwa kilimuuma, shingo imekakamaa, na chakula hakimshuki. Jirani mmoja alinong'ona kwamba mama huyo amerogwa. Shemeji yake alisema ni uvivu. Mwenyewe alitamka maneno mawili tu, ambayo hakuna nyumba ya Afrika ya Mashariki yasikojulikana: "Nina mawazo."

Kisa chake kilianza usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022. Mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vya Mbale. Mito ya Nabuyonga na Namatala, ambayo siku nyingi watoto huivuka kwa miguu, ilifurika na kuingia mjini. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na nyumba na madaraja yakaharibika. Mama huyo hakufiwa na mtu. Lakini marobota yake ya mitumba, aliyoyaweka katika chumba cha kupanga karibu na mto, yalichukuliwa na maji yote. Lililobaki ni deni la chama cha kuweka na kukopa, ambalo maji hayakulichukua.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa shufwa, na katika miaka ya shufwa Wagisu huwatahiri vijana wao katika sherehe za imbalu. Mwanawe wa kwanza alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kusimama msimu ule. Wimbi la pombe lilitakiwa, kuku walitakiwa, na wageni wa ukoo wangekuja bila kuuliza kama mto ulifurika au haukufurika. Mumewe ni dereva wa malori, na mara nyingi huwa safarini.

Mama alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya. Mara ya kwanza alipewa dawa za malaria. Mara ya pili alipewa vidonge vya kutuliza maumivu. Mara ya tatu alipimwa shinikizo la damu, likaonekana liko juu, naye musawo, kama Waganda wengi wamwitavyo mtumishi wa afya, akamwambia kwa upole, "Mama, punguza mawazo." Ushauri huo hutolewa kila siku kutoka Mbale hadi Mombasa, na hapana shaka hutolewa kwa nia njema. Lakini kumwambia mtu apunguze mawazo ni sawa na kumwambia aliyejitwika mtungi apunguze uzito, pasipo kumwonyesha mahali pa kuutua.

Je, mawazo ni ugonjwa, au ni maneno tu ya mtu aliyechoka? Hapo ndipo saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, inapoweza kuisaidia nyumba ya kawaida. Katika mwaka 1915 mtaalamu Walter Cannon, wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza katika kitabu chake jinsi mwili ubadilikavyo wakati wa hofu na hasira. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humimina adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, sukari hutolewa akibani ili misuli ipate nguvu, na tumbo huacha kwa muda kusaga chakula. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Kwa mtu aliyekutana na nyoka shambani, maandalizi hayo ni neema.

Miaka ishirini na mmoja baadaye, yaani 1936, Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha taarifa fupi juu ya panya aliowatia katika taabu za namna mbalimbali: baridi, majeraha, kazi ya kupita kiasi, sumu kidogo. Ajabu ni kwamba, ingawa taabu zilitofautiana, miili ya panya ilionyesha dalili zile zile. Kwanza mwili hupiga mbiu ya hatari; kisha husimama imara na kustahimili; na taabu isipokoma, huishiwa nguvu. Panya wake walikuwa wamevimba tezi za juu ya figo na kupata vidonda tumboni.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja ambalo limeenea sana. Kwa sababu ya habari kama hizo watu wengi huamini kwamba vidonda vya tumbo ni matunda ya mawazo peke yake, na mgonjwa huambiwa asamehe, asali, asahau. Madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria aishiye tumboni, nao wakatunukiwa nishani ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Mwenye vidonda, basi, apimwe na kutibiwa. Elimu ya nafsi haikuja kuchukua nafasi ya maabara.

Lakini shida ya mama wa Nkoma haikuwa nyoka wa shambani. Mtaalamu mwingine wa Marekani, Robert Sapolsky, ambaye tangu mwaka 1978 alikuwa akienda Masai Mara nchini Kenya kuwachunguza nyani, ameieleza tofauti hiyo vizuri. Punda milia akifukuzwa na simba, hofu yake huisha baada ya dakika chache: ama ameliwa, ama amepona na kurudi kula majani. Binadamu anaweza kuketi juu ya kitanda chake mwenyewe, mlango umekomewa, akafukuzwa na simba ambaye atafika mwisho wa mwezi kudai fedha za chama. Moyo haujui tofauti. Adrenalini ni ile ile, na kotisoli, homoni nyingine ya tezi zile zile, huendelea kumiminika usiku baada ya usiku. Hali hiyo ikidumu, shinikizo la damu laweza kupanda, usingizi hukatika, na mwili hupunguza uwezo wake wa kujikinga na maradhi.

Ni vema kuulinganisha mwili wa mama na mwili wa mwanawe katika msimu ule mmoja. Siku ya imbalu kijana alisimama wima hadharani, mikono ameinua akishika fimbo, macho mbele, asipepese wala asitikisike mpaka mwenye kisu amalize kazi yake. Yeyote aliyemtazama shingoni aliona mshipa ukipiga. Kama angepimwa wakati ule, bila shaka shinikizo lake lingewatisha wauguzi kuliko la mama yake. Hata hivyo filimbi ililia, akaketishwa, akafunikwa nguo, wanawake wakapiga vigelegele, na kuanzia saa ile akahesabiwa kuwa mtu mzima. Usiku alilala. Maumivu yake yalikuwa na mwanzo na mwisho. Yalikuwa na mashahidi. Na yalikuwa na maana ambayo ukoo mzima uliikubali. Ya mama yake hayakuwa na hata moja kati ya hayo matatu. Aliona haya kusema deni lake mbele ya wageni, akatabasamu, akagawa pombe.

Wataalamu wa elimu ya nafsi hawakubaliani juu ya dirisha la kuchungulia nyumba kama hiyo, na si lazima wakubaliane. Wafuasi wa Sigmund Freud wa Vienna wangeuliza utoto wa mama, na hofu gani ya kale imelala chini ya hofu ya sasa. Wafuasi wa Ivan Pavlov, Mrusi aliyewazoeza mbwa kudondokwa na mate kwa kusikia sauti iliyotangulia chakula, wangeelekeza sikio kwenye paa la mabati: usiku mmoja mvua na hasara vilikuja pamoja, na tangu hapo mvua peke yake, hata manyunyu, inatosha kuuamsha moyo. Maelezo hayo yana nguvu, maana mama alizinduka zaidi usiku wa mvua. Abraham Maslow, aliyeandika mwaka 1943 juu ya mahitaji ya binadamu, angekumbusha kwamba asiye na uhakika wa chakula na usalama hawezi kuombwa kwanza ajiendeleze kiroho. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walisema kwamba uzito wa taabu hutegemea maswali mawili ambayo mtu hujiuliza bila hata kujua: jambo hili lanitishia kiasi gani, na nina nini mkononi cha kulikabili? Mama wa Nkoma alikuwa amejibu swali la pili kwa neno moja: sina.

Dirisha lililo karibu zaidi na Mbale lilifunguliwa Uganda kwenyewe. Katika miaka ya 1954 na 1955 Mary Ainsworth, mwanamke mtaalamu aliyekuwa amefuatana na mumewe Kampala, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na mji huo, akakaa vibarazani na kuwatazama mama na watoto wachanga kwa muda wa miezi. Hakuwapima kwa mashine. Aliona tu mtoto anayetambaa akimwacha mama, akaenda kukagua kikapu, akageuka kumtazama kama bado yupo, kisha akaendelea. Na alipoogopa, alirudi mbio magotini pa mama. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na yale aliyoyaona katika vibaraza vya Waganda yamekuwa sehemu ya masomo ya saikolojia ulimwenguni kote. Si jambo dogo kwamba wanafunzi wa London na Chicago hujifunza leo yaliyodhihirishwa na akina mama wa Buganda waliokuwa wakimenya ndizi.

Sasa, mtoto ana magoti ya mama ya kukimbilia. Mama naye akimbilie wapi?

Swali hilo lilipata jibu la vitendo kusini ya Uganda. Katika wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa sana na UKIMWI, Paul Bolton na wenzake waliwaendea watu wa vijiji 30 waliokuwa na huzuni ya kudumu, wakaanza kwa kuwauliza majina yao wenyewe ya ugonjwa huo. Kisha katika nusu ya vijiji waliunda vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vilivyokutana mara moja kwa juma kwa majuma 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili. Watu walizungumza juu ya vifo, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke, wakasaidiana kutafuta hatua ya kuchukua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliokuwa na ugonjwa wa huzuni walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5, katika vijiji vingine walishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7. Dawa yenyewe ilikuwa mazungumzo, lakini mazungumzo yenye utaratibu, siku maalumu na watu wale wale.

Huko Nkoma hakuna mtaalamu aliyefika. Aliyefika ni mweka hazina wa chama, mwanamke wa makamo, aliyekuja kudai. Alimkuta mama ameketi jikoni, moto umezimika, sufuria ya maji baridi juu ya mafiga. "Dada," akamwambia, "mimi nimekuja kwa ajili ya fedha, lakini naona kuna jambo jingine." Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Ndipo ikajulikana kwamba katika chama kile kile wanawake wengine watatu walipoteza mali usiku ule, na kila mmoja alikuwa akizinduka saa nane akidhani ni yeye peke yake.

Walianza kukaa pamoja Alhamisi jioni, baada ya hesabu za chama. Deni liligawanywa katika mafungu madogo. Mama alirudi kituoni, akapewa dawa za shinikizo la damu na kuambiwa azimeze kila siku, naye anazimeze kweli, kwa maana mazungumzo hayakuushusha mshipa peke yake. Shemeji yake bado anasema ulikuwa uvivu. Nusu ya deni ilikuwa haijalipwa wakati wa mavuno yaliyofuata. Usiku wa mvua bado huamka, husikiliza mabati kidogo, hugusa ukuta wa chumba wanamolala watoto, kisha hulala tena.